Gari Lilichemsha Kabla ya Madaba

Mume wangu alipata kazi ya kuchomelea vyuma Dodoma, na kwa miezi minane tulikuwa tunasikiana kwenye simu tu. Julai, baridi ikiwa kali, akapewa ruhusa ya siku mbili. Hazikutosha kufika Songea na kurudi, tukakubaliana tukutane Njombe. Yeye angepanda basi, mimi ningekwenda na gari letu dogo.

Niliondoka alfajiri. Kwenye kiti cha nyuma niliweka dagaa wa Nyasa niliowakaanga mwenyewe na sweta nililomfumia. Karibu na Madaba, kwenye kupandisha mlima, mshale wa joto ukafika kwenye nyekundu na mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti. Nikaegesha. Dereva wa lori la mbao alinionea huruma, akanivuta kwa kamba taratibu hadi kwa fundi mmoja pale Madaba, mzee mwenye banda la mabati kando ya barabara.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Limechemsha?"

"Limechemsha. Naomba uniongezee maji tu, kuna mtu ananisubiri Njombe."

Hakuwa na haraka yangu. Alisubiri injini ipoe, ndipo akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa na rangi ya chai iliyozidishiwa maziwa. Akafungua mfuniko wa oili, na chini yake palikuwa na utando mzito wa rangi hiyohiyo. Kwenye rejeta, mafuta yalikuwa yanaelea juu ya maji.

"Maji na oili vimechanganyika," alisema. "Tutafute vinakutana wapi."

Alianza na mafuta ya giaboksi, kwa sababu kwenye gari la otomatiki kama letu hupozwa ndani ya rejeta, na pakitoboka huko yanaingia kwenye maji. Yalikuwa mekundu, safi. Basi haikuwa hapo. Akafungua plagi zote nne na kuzipanga juu ya gunia. Tatu zilikuwa na masizi. Moja ilikuwa nyeupe, imetakata.

"Hii inaoshwa na maji. Gasketi ya silinda hedi, ile inayotenganisha maji na oili, imeungua upande huu. Umekuwa ukiongeza maji?"

"Kila wiki, tangu Pasaka."

"Na hukujiuliza yanakwenda wapi?"

Nilijiuliza. Ila kila mume wangu alipouliza habari za gari nilimjibu kwamba liko sawa. Nilijua nikisema kweli tutaongea gari mpaka salio liishe, nami nilitaka aniulize habari zangu.

"Hatuwezi kwenda nalo hivyohivyo?"

"Ukiliwasha, oili hiyo hailainishi kitu. Utaua injini nzima."

Nikampigia simu mume wangu, aliyekuwa ameshafika Njombe. "Kaa hapohapo," akasema. "Nakuja."

Alishuka kwenye basi saa saba mchana, amekonda. Jioni alitakiwa awe amerudi Njombe, maana basi lake la Dodoma lilikuwa la alfajiri. Alinishika mkono, akamwamkia fundi, halafu akainama kwenye injini. Wakaongea wawili hao muda mrefu, mume wangu akiigeuzageuza ile plagi nyeupe. Mimi nilisimama na sweta mkononi, nikilionea wivu gari.

Hatimaye alinawa, akaja kukaa nami kwenye benchi.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nikamweleza yote, kama nilivyoyaeleza hapa. Alivaa lile sweta, na mikono ya sweta ikaishia juu ya vifundo vya mikono yake. Nilikuwa nimeufuma urefu wa mikono yake kwa kukumbuka tu, na nilikuwa nimekosea. Tulinunua ugali kwa mama lishe wa jirani, tukala na dagaa. Alinukia sabuni nisiyoijua. Saa kumi basi la kutoka Songea lilisimama, akapanda.

Fundi alifungua silinda hedi, akaipeleka Njombe ikasawazishwe, akafunga gasketi mpya, akasafisha njia za maji na kumwaga oili mara mbili hadi ilipotoka bila weupe. Baada ya wiki mbili nilikwenda kulichukua. Nililiendesha polepole hadi Songea, macho kwenye mshale, na ulitulia katikati njia nzima.

Mkataba wake Dodoma umeongezwa mwaka mwingine. Siku hizi akipiga simu naanza na yaliyoharibika. Wiki iliyopita nilimwambia kwamba nyumba imekuwa kubwa mno kwangu peke yangu. Akasema hata chumba chake kule, ambacho kinaingia kitanda na kiti kimoja, anakiona kikubwa.