Mungu Habembelezwi kwa Ufagio

Ipo Jumapili moja ya ujana wangu ambayo naikumbuka mpaka kifungo cha shati kilichokuwa kimekatika. Lilikuwa shati jeupe la kwaya. Nilikuwa nimesimama mstari wa nyuma na wenzangu wa sauti ya besi, katika kanisa letu la kijijini, mbele kidogo ya Idodi. Mzee wa kanisa akasimama na karatasi mkononi, akasoma jina la msichana mmoja, Eliza. Akasema ametengwa, kwa kuwa ana mimba na hana mume. Alipokaa, mwalimu wa kwaya aliinua mikono, nasi tukaimba.

Mwanangu, mimi ndiye niliyempa Eliza ile mimba. Na siku ile niliimba vizuri kweli kweli.

Huenda wewe wa mjini hujui kutengwa ni nini. Hufukuzwi kanisani. Unakuja kama wengine, ila unakaa benchi la nyuma, huimbi kwaya, na wenzako wakiinuka kwenda kwenye Meza ya Bwana wewe unabaki umekaa. Ukishatubu na kumaliza mafundisho, unaitwa mbele Jumapili moja, unapokelewa, tunasema umerudi kundini. Sina ugomvi na utaratibu huo, maana leo mimi mwenyewe ni mzee wa kanisa hapa Ipogolo. Ugomvi wangu ni na yule kijana wa besi.

Wazee walikuwa wamemwita Eliza mara tatu kumuuliza mwenye mimba ni nani. Mara zote tatu alinyamaza, akawa anatazama mikono yake. Baba yake naye aliuliza, akanyamaziwa. Habari hizo ziliponifikia, badala ya kuona aibu nilishusha pumzi. Ndiyo, nilishusha pumzi, na kulisema hilo mpaka leo kunaniuma.

Jumatatu yake nikamwambia mama naenda kutafuta kazi. Masikini mama, akanifungashia viazi vya kuchemsha, akaniwekea mkono kichwani, akaniombea safari njema. Nikapanda lori la mpunga hadi Iringa, kutoka hapo nikaunganisha hadi Mbeya.

Mbeya nilipata kibarua pale Mwanjelwa cha kushona midomo ya magunia ya viazi. Si unayajua yale ya lumbesa, yanayojazwa mpaka yanaota kichwa? Mchana kutwa ni mimi na shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na kamba. Chumba nilipanga kwa Bibi Tusajigwe, mjane wa Kinyakyusa aliyekuwa akiuza ndizi za kutoka Tukuyu. Mwembamba, mkali wa macho, na hakuwahi kunipitisha mlangoni bila kuniuliza kama nimekula.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Kwenye mafundisho ya kipaimara nilikariri kwamba Mungu habadiliki. Nilisimama mbele ya mchungaji nikalisema hilo bila kukosea neno, nikapongezwa. Lakini moyoni nilimchukulia Mungu kama yule bosi wetu wa stoo, ambaye ukimwahi asubuhi kwa salamu nzuri anasahau ya jana. Nikajiambia, kule kijijini Mungu amenikasirikia, huku Mbeya nitaanza naye upya. Nitamlainisha polepole.

Nikajiunga na kanisa la jirani. Kila alfajiri, kabla ya kwenda sokoni, nilikuwa nimeshafagia kanisa zima na uwanja wake. Nikaomba nipewe kazi ya kugonga kengele, nikapewa. Nikawa nafunga Jumatano na Ijumaa. Akina mama walinisifu, wakasema kijana huyu wa Kihehe amelelewa. Nami nikawa kila siku napima hali ya hewa ya Mungu. Kibarua kikienda vizuri, nasema ametulia. Shazia ikinichoma kidole, nasema leo amekumbuka. Nilipougua homa ya tumbo nikalala wiki nzima, nilijua amekumbuka yote.

Miezi ikapita hivyo. Kwa barua ya dada yangu nikajua Eliza amejifungua mtoto wa kike. Sikujibu. Nikaongeza siku ya tatu ya kufunga.

Halafu ikaja barua nyingine. Dada aliandika kwamba Eliza amemaliza mafundisho, na Jumapili ya Mitende atarudi kundini. Siku hiyo hiyo mtoto atabatizwa. Kwenye cheti, mahali pa jina la baba pataachwa wazi. Dada yangu hakujua anamwandikia nani. Alikuwa ananipa habari za kijiji tu, baada ya habari za ng'ombe na mvua.

Nikaisoma tena na tena ile sentensi ya pale pa wazi. Nikafanya nilichokuwa nimekizoea, nikaanza kufunga mfululizo, bila chakula wala maji, ili Mungu anigeukie na kunionyesha la kufanya. Alhamisi ya kabla ya Mitende, asubuhi, nikiwa natoka kufagia, nilianguka mlangoni kwa Bibi Tusajigwe. Niliamshwa na maji ya baridi usoni.

"Gwe Mhehe," akaniambia, "unajiua kwa ajili ya nini?"

"Namwomba Mungu anigeukie, bibi."

"Kwani amekupa kisogo lini?"

Sijui ni njaa au ni yale macho yake, nikamwambia yote. Kwaya, karatasi ya mzee wa kanisa, lori la mpunga, barua mbili za dada. Nililia kama mtoto. Yeye hakunikemea, wala hakusema pole. Alikaa kwenye kigoda chake akaendelea kumenya ndizi, moja, mbili, tatu, mpaka nikadhani hakunisikia.

"Siku ile unaimba," akasema mwishowe, "Mungu alikuwa hakuoni?"

"Alikuwa ananiona."

"Na huku kwetu umemkuta mwingine? Sisi tunamwita Kyala. Nyie huko mnamwitaje?"

"Nguluvi."

"Ni huyo huyo, basi. Hakubadilika ulipomkosea yule binti, na hatabadilika kwa sababu ya ufagio wako. Alikupenda siku ile ukiwa mwongo, na leo anakupenda vile vile, hujaongeza hata kidogo. Na alichokitaka kwako siku ile ndicho anachokitaka leo. Useme ukweli. Wewe unakaa hapa mwaka mzima unangoja yeye ageuke. Anayetakiwa kugeuka ni wewe, mwanangu. Kunywa uji, kesho upande basi."

Nisikufiche, nilikasirika. Mtu amefagia karibu mwaka mzima, halafu anaambiwa hajaongeza hata kidogo! Nilikunywa ule uji kwa hasira. Lakini kibakuli hakijaisha, nikaanza kuona kitu ambacho sikuwahi kukiona na kipaimara changu chote. Kama sikuweza kumwongeza Mungu kwa ufagio, basi sikuwa nimempunguza kwa dhambi. Mwaka mzima nilikuwa nakimbia uso uliokasirika, kumbe ule uso haukuwahi kuacha kunitazama kwa upendo, na upendo wenyewe ndio ulionikosesha usingizi. Nilijisikia mwepesi, na papo hapo nikajisikia vibaya kuliko siku zote, maana sasa sikuwa na kisingizio.

Ijumaa nikapanda basi, nikashuka hapa hapa Ipogolo, nikadandia gari la kwenda Idodi. Jumamosi asubuhi nilikuwa mbele ya mchungaji.

"Kesho nataka kurudi kundini pamoja na Eliza," nikamwambia, nikaeleza kwa nini.

Akavua miwani. "Huwezi kurudi, kijana wangu. Hujatengwa."

"Basi nitengeni."

Nadhani hakuna aliyewahi kumwomba kitu hicho. Akaniambia nikaseme kwanza nyumbani kwao Eliza. Nikaenda. Baba yake alikuwa anatengeneza mpini wa jembe uani.

"Kamwene, baba," nikamwamkia.

Aliitikia, maana ni mtu wa adabu, lakini hakunikaribisha kiti. Nikasema yangu nikiwa nimesimama. Mikono yake iliacha kazi. Nilikuwa tayari kupigwa na ule mpini, na hakika ningeupokea.

"Hapa tumeshalia vya kutosha," akasema. "Kayaseme kanisani, alikosimama mwanangu peke yake."

Eliza alikuwa ndani. Nilimsikia akimbembeleza mtoto. Hakutoka.

Kesho yake kanisa lilijaa matawi ya mitende mpaka madirishani. Eliza akaitwa mbele. Alivaa kitenge cha buluu, mtoto begani, akajibu maswali ya mchungaji kwa sauti ya kusikika. Mchungaji akampa mkono, akamwambia karibu tena nyumbani. Akina mama wakapiga vigelegele. Hapo ndipo nikainuka. Ile besi yangu yote ilikuwa imekwenda wapi sijui.

"Mtoto huyu ni wangu," nikasema. "Siku Eliza anatengwa nilikuwa kwenye kwaya, nikanyamaza. Naomba mnisamehe. Eliza, nisamehe."

 Mama yangu alijifunika uso kwa khanga. Mchungaji akasema, kwa upole lakini bila kupindisha, kwamba kuanzia siku ile nimetengwa, mpaka nitakapomaliza mafundisho kama mwenzangu. Nikatembea ile njia ya katikati mbele ya macho ya watu wote walionilea, nikaenda kukaa benchi la nyuma, mahali alipokuwa akikaa Eliza.

Mtoto akabatizwa jina la Tumaini. Mchungaji alipouliza jina la baba, Eliza alilitaja langu bila kunitazama. Baada ya hapo ukafika wakati wa Meza ya Bwana. Eliza alikuwa hajaikaribia karibu mwaka mzima. Nilidhani atampa mtoto mama yake mzazi, aliyekaa benchi la pili. Akampita mama yake. Akaipita kwaya. Akaja na ile njia yote mpaka nyuma, akanipakatisha mtoto.

"Mshike vizuri," akasema. "Kichwa bado kimelowa."

Akageuka, akaenda kupokea mkate na divai.

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Nilikuwa nimekaa pale nimetengwa, kila mtu anajua nilichofanya, sina ruhusa ya kuisogelea ile meza. Mbeya nilikuwa na sifa zote na kengele ya kugonga, na kila siku nilijiona Mungu yuko mbali. Pale nyuma, na yule mtoto akininyonya kidole, nilijua kwamba hajawahi kusogea hata hatua moja. Nililia, na sikujali nani ananiona.

Usidhani mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Mafundisho niliyamaliza karibu na Krismasi. Eliza alinizungusha mavuno mawili kabla ya kukubali posa yangu, na alikuwa na haki ya kunizungusha kumi. Siku moja nikathubutu kumuuliza kwa nini hakunitaja kwa wazee. Akasema, "Jina lako lilikuwa mdomoni mwangu siku zote. Nilitaka ulitaje mwenyewe." Ndiye huyo unayemsikia jikoni, na hata sasa anadhani nimeongea mno.

Nakwambia haya kwa sababu nawaona vijana wa siku hizi, na nawapenda, lakini mnanichosha. Mmoja ananiletea meseji ananiambia, mzee, Mungu ameninunia, nimekosa kazi. Mwingine amepata kazi, anasema Mungu sasa ananikubali. Mwingine ameharibu mahali, anahama kanisa, anatafuta lenye spika kubwa zaidi, anadhani akipaza sauti vya kutosha Mungu ataanza kumtazama kwa jicho jipya. Nawasikiliza, najicheka, maana najijua.

Basi shika hili. Mungu hana siku nzuri na siku mbaya. Alichokuwa kwako ulipokuwa tumboni mwa mama yako, ndicho alicho kwako saa hii, na ndicho atakachokuwa utakapozeeka ukasahau hata jina langu. Alipokuja kwetu katika Kristo hakuwa amebadilisha nia. Alikuwa anatuonyesha nia aliyokuwa nayo tangu mwanzo. Huwezi kumfanya akupende zaidi, kwa hiyo acha kuhangaika. Huwezi kumfanya akupende pungufu, kwa hiyo acha kukimbia. Wala usijaribu kumzoesha uongo wako, maana ukweli anaoutaka leo atautaka na kesho, nawe utakuwa umechelewa tu. Fanya kazi za kanisa, fagia, funga, imba, lakini fanya kama mtu aliyekwisha kupendwa. Na kama yuko mtu mahali fulani anayebeba peke yake kosa mlilolifanya wawili, usingoje ishara. Mimi niliingoja karibu mwaka mzima, na katika mwaka huo mwanangu alijifunza kukaa, akaota meno, akacheka mara ya kwanza, na mimi sikuwepo.

Mungu aliye mwaminifu akutie nguvu ya kusema ukweli kabla haujawa mgumu zaidi. Akupe watu watakaokuambia neno kali huku wakikupa uji. Ukifika, ufunguliwe mlango. Na hata usipofunguliwa siku hiyo, ujue moyoni mwako kwamba Mungu alishafungua zamani. Haya, inuka, mwanangu. Nenda leo kwao yule binti uliyenitajia.