Dakika Tano Nyuma ya Pazia

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wakazi wote wa Runyenjes, wa Karurumo na wa kila kijiji kinachotuma mtu mjini kuleta nyama, kwamba sayansi imefika buchani. Kuanzia sasa binadamu atafanya kazi dakika ishirini na tano bila kuinua kichwa, kisha atapumzika dakika tano bila kuona haya. Kwa njia hiyo atatenda mengi, hatachoka, na taifa litasonga mbele. Aliyeteuliwa kuongoza mapinduzi haya ni Bwana Sulemani Jamaldin, mchinjaji, umri miaka hamsini na mitatu. Hakuomba kuteuliwa. Asubuhi ya tarehe ishirini na nne Desemba alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kukata mifupa, mdomo umemkauka.

Mambo yalianza Jumatatu. Desemba huku ni mwezi wa vyama vya ng'ombe. Majirani huchanga mwaka mzima, hununua fahali mmoja, na siku ya kugawa hakuna anayekubali kupewa shingo wakati mwenzake amebeba steki. Kila nyumba lazima ipate kidogo cha kila kitu: mbavu, mguu, mkia, kichwa, hata pua. Mkiwa nyumba thelathini, mkia mmoja unakatwa mara thelathini, na hiyo si kazi ya shoka tena. Ni ya mashine. Sulemani alikuwa amegawa ng'ombe wanne tangu Ijumaa. Krismasi haikuwa yake, lakini mgongo ulikuwa wake.

Jumatatu hiyo, saa nane mchana, alishtuka kama mtu anayeamka. Akajikuta bado amesimama, mashine inanguruma, na mfupa wa paja aliokuwa ameushika umeshakuwa vipande viwili. Hakukumbuka kuusukuma. Ukucha wa kidole gumba cha kushoto ulikuwa umepungua nusu, umekatwa vizuri kuliko ambavyo angeukata mwenyewe kwa wembe. Kipande kilichotoka alikitafuta kwenye nyama hakukiona, na mpaka leo haijulikani kilikwenda nyumba gani.

Hakumwambia mtu. Lakini tangu saa hiyo akilini alikuwa akimwona Mbaka, mchinjaji mwenzake wa Gachoka, ambaye mashine kama hiyo ilimwachia vidole viwili, na ambaye siku hizi akikupa mkono hujui uushike wapi. Bila vidole, Sulemani angekuwa nani? Mzee mwenye koti jeupe.

Aliyegundua ukucha ni bintiye Shamima, anayekaa kwenye mizani na kusoma kila kitu kinachopita kwenye simu.

"Baba, unalala ukiwa umesimama."

"Farasi pia hulala hivyo."

"Farasi hakati mifupa. Utafanya dakika ishirini na tano, unapumzika tano. Watu wa maofisi wanafanya hivyo wasiungue akili."

"Mimi nasali mara tano kwa siku. Hayo si mapumziko?"

"Jana adhuhuri ulisinzia kwenye sijida, baba. Watu wakadhani ni uchaji."

Sulemani akautazama ukucha wake. Kwa kawaida angemfukuza kwa utani, lakini hofu humfanya mtu msikivu. Shamima akatega simu iwe inalia sauti ya jogoo kila dakika ishirini na tano za kazi zikiisha.

Ndiyo maana siku hiyo ya mkesha wa Krismasi, saa nne kasorobo asubuhi, jogoo aliwika katika bucha isiyouza kuku. Sulemani akazima mashine, akapangusa mikono, akapita nyuma ya pazia. Mbele ya kaunta walibaki wawakilishi wa nyumba thelathini za Karurumo, na fahali wao akiwa amekatwa nusu.

"Ameenda wapi huyo?" akauliza Rwamba, mkulima wa kahawa ambaye mwaka uliopita alipata kipande kidogo cha ini na hakuwa amesahau.

"Anapumzika," Shamima akajibu.

"Na nani?"

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Huku kila mtu anajua kwamba mchinjaji akipita nyuma ya pazia, kuna kiungo kinachopita naye. Jogoo alipowika mara ya pili, minong'ono ikapanda. Alipowika mara ya tatu, chama kilikuwa kimeshapitisha azimio: mwenyekiti wao, Mwalimu Elphas, aliyestaafu ualimu lakini hakustaafu kukagua, aingie ndani akaone.

Akamkuta Sulemani ameketi juu ya kreti ya soda, mikono magotini, vidole vimetandazwa, midomo inacheza.

"Baba Shamima, unafanya nini?"

"Naomba dua," Sulemani akadanganya. Alikuwa akihesabu vidole, na alikuwa amefika saba.

"Vizuri. Na maini?"

"Yako kwenye ndoano, mwalimu. Mbele yenu."

Mwalimu hata hivyo akakagua. Akainua koti la mvua, akachungulia ndani ya gamubuti, akasogeza ufagio. Akatoka na kuripoti kwamba hakuona ini, ila mshukiwa anaomba sana kwa mtu asiye na hatia.

"Jogoo akilia tena, asitoke," Rwamba akasema. "Sisi tuna watoto wanangoja. Apumzike Januari."

Jogoo akawika mara ya nne. Sulemani aliwatazama, watu thelathini wenye mabeseni na magunia, na akaona haya kusema. Angeanzia wapi? Mtu mzima, mtoto wa mchinjaji, mjukuu wa mchinjaji, aseme anaogopa kifaa cha kazi? Akaacha mkono kwenye mfupa, akaendelea.

Mwanzoni aliogopa vizuri. Jasho lilimtiririka mgongoni, na kila mara meno ya msumeno yalipouma mfupa, alivuta vidole nyuma. Hofu ikimshika hivyo alikuwa salama. Kilichomtisha zaidi ni pale ilipoanza kumwachia. Sauti ya Shamima ikasogea mbali. Mngurumo ukawa laini kama mvua kwenye mabati, na mabati yakawa ya jikoni kwa mama yake, na mama yake akawa anamwita aingie ndani asilowe.

Rwamba hakuwa ameondoa macho kwenye mikono ile tangu asubuhi. Alikuwa akiilinda isiibe. Akaona mkono wa kulia unasukuma mfupa, na wa kushoto unafuata wenyewe, polepole, hauna mwenyewe. Akatazama uso wa Sulemani. Macho yalikuwa wazi na hakukuwa na mtu ndani. Swichi ya mashine ilikuwa kwenye nguzo, karibu na bega la Rwamba. Akaigonga kwa kiganja.

Msumeno ukazunguka kwa uchovu, ukasimama. Kidole cha shahada cha Sulemani kilikuwa kimelala juu ya meno ya msumeno, kimetulia, na glavu aliyovaa ilikuwa imechanika, imefunguka kama mdomo mdogo. Hakukuwa na damu. Sulemani alikitazama, akajaribu kukiondoa, kikakataa kumtii.

Kisha Rwamba akazunguka kaunta, akamshika mchinjaji kiwiko na kumpeleka nyuma ya pazia kama anayempeleka mgonjwa chooni.

"Kaa hapo," alisema. "Na usiniambie unaomba dua."

Kuanzia hapo chama kilichukua madaraka. Jogoo alipowika, watu wawili walimsindikiza Sulemani hadi kwenye kreti, na kama alitaka kuinuka kabla ya dakika tano, walimkalisha. Rasmi, walikuwa wakilinda maini. Mashine ikinguruma, Rwamba alisimama kwenye nguzo, kiganja kwenye swichi, akimsemesha Sulemani mfululizo: kahawa, mapadri, wakwe zake wote mmoja baada ya mwingine, na kila mara alidai jibu.

Saa tisa alasiri mafungu thelathini yalikuwa yamepangwa juu ya majani ya migomba, sawasawa hadi pua. Mwalimu Elphas akasafisha koo, akatangaza kwamba leo Runyenjes imeshuhudia nidhamu ya muda inavyomkomboa mfanyakazi, na kwamba angependa Bwana Sulemani awaeleze wananchi, kwa maneno yake mwenyewe, siri ya mbinu hii ya kisasa.

Sulemani akawatazama, kisha akaitazama mashine.

"Mimi naogopa tu hiyo kitu, mwalimu. Beba fungu lako, nifunge."