Nilivyotafuta pa kuzama Msasani

Jamani, leo wavuvi wa Msasani wamenishika mikono wakiamini nataka kujiua.

Bwana mkubwa wetu ofisini, Mzungu, ana miwani ya kuvaa chini ya maji. Kesho anataka kutazama samaki na matumbawe. Wa kumtafutia mahali ni mimi karani wake, mtu wa bara nisiyejua hata kuogelea.

Nikaenda ufukweni, nikamkuta mzee anashona wavu.

"Shikamoo, mzee. Naomba unionyeshe mahali pazuri pa kuzama."

Mzee akauweka wavu chini.

"Nani kakuudhi, mwanangu?"

(Kumbe huku Pwani husemwa kupiga mbizi. Kuzama ni kufa maji.)

Wenzake wakaja mbio, wakanishika. Mama muuza samaki akanitazama juu hadi chini. "Kijana mzuri hivi, na suruali kaipiga pasi! Ni mambo ya mwanamke?"

Nikajitetea: "Si mimi, mama. Atakayezama ni Bwana mkubwa, Mzungu wetu wa ofisini."

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa.

"Mzungu azame hapa kwetu," mzee akasema, "halafu tufungwe sie?"

Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyekubali kunionyesha penye kina. Wamenipa mahali pamoja tu, mchanga mtupu, maji yananifika magotini.

Nimechoka, ndugu zangu. Na kwa woga nimeshamwambia Bwana kwamba pamepatikana.

Kesho asubuhi atainama pale na miwani yake. Akiinuka aniulize samaki wako wapi, nyinyi mngemjibu nini?