Shati la Njano Mbele ya Nyani

Mimi ni fundi cherehani wa Nyamirambo, na hujisifu kwamba sishonei wateja wawili nguo zinazofanana. Lakini siku sisi wazazi tulipowapeleka watoto wetu wasiosikia kwenye bustani ya wanyama, niliwashonea wote mashati ya kitenge cha njano. Mtoto asiyesikia huwezi kumwita akipotea; unamtafuta kwa macho.

Mbele ya nyani alisimama bwana mmoja wa miwani nyeusi. Yule bwana hakuwa na habari na nyani wenyewe. Alinitazama mimi, akalitazama shati la mwanangu Zuberi, akanitazama tena. Nikajisemea, huyu ni mwizi wa watoto, anachagua asiyeweza kupiga kelele. Niliinama kumfunga mtoto mmoja kamba za viatu. Kuinuka, namwona yule bwana anaelekea getini, kamshika mkono mtoto wa shati la njano!

"Mwizi! Mwachie mwanangu!" Nikamkamata ukosi, nikamnyang'anya mtoto. Watu wakajaa.

"Mama, huyu iko mtoto wangu," alisema akivua miwani. "Nilitaka kukusalimia, nikaona uko na kazi."

"Muongo! Kitambaa hiki, Kigali nzima, ninacho mimi peke yangu!"

Mtoto niliyemkumbatia akanisukuma, akainua uso. Hakuwa Zuberi. Zuberi alikuwa palepale kwa nyani, na shangazi yake tuliyekuja naye.

"Papa," mtoto akasema, kwa sauti iliyosikika hadi getini, "si ndiye yule fundi aliyenichoma sindano akinijaribisha hili shati?"