Fomu ya Kwanza ya Mama Pasi

Jina lake halisi watu walishalisahau. Kwa miaka ishirini na miwili alinyoosha nguo kwenye duka la dobi nyuma ya soko, na jina la Mama Pasi likamganda. Mumewe mwenyewe, dereva wa lori, akimtaja kwa jina la kuzaliwa, majirani huuliza ni nani huyo.

Duka lenyewe lilikuwa refu na jembamba kama korido. Lilikuwa na meza tatu zilizofunikwa blanketi kuukuu, kamba za kutundikia mashati zilizopita juu ya vichwa, na dirisha moja ambalo halifunguki mpaka ulisukume kwa bega. Kazi ile aliijua vilivyo: kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, mgongo mwishoni. Lakini raha yake haikuwa kwenye mashati. Raha yake ilikuja pasi ilipogoma.

Pasi za dobi hazipumziki, na waya wake hukatikia pale unapoingia kwenye mpini, maana ndipo unapopindwa kutwa nzima. Ikizima, wenzake walisonya na kukaa kitako. Yeye alichomoa plagi ukutani, akatoa bisibisi kwenye mfuko wa aproni, akafungua mpini, akakata kipande kilichoungua na kuunga upya. Robo saa haikuisha kabla pasi haijapata moto. Hakuna aliyemfundisha. Aliangalia tu zilivyofungwa, akazifunga vilevile.

Jioni moja binti yake wa mwisho, aliyekuwa anamalizia sekondari, alirudi nyumbani na picha kwenye simu. Alikuwa amepiga picha tangazo lililobandikwa posta.

"Mama, sikiliza hili. 'Serikali italipa robo tatu ya ada ya mafunzo ya ufundi: umeme wa majumbani, useremala, uashi na ushonaji. Mwanafunzi atachangia robo iliyobaki, kwa awamu mbili.'"

"Habari njema hiyo," mama akajibu, anamenya vitunguu. "Maliza mitihani yako uende."

"Siyo mimi, mama. Wewe."

Baba mtu alipaliwa na chai. Alipopata pumzi akasema, "Mwanangu, mama yako ana miaka hamsini na mmoja."

"'Mwombaji awe na umri wa miaka kumi na minane na kuendelea,'" binti akasoma.

"Kuendelea mpaka wapi?"

"Hawajasema mpaka wapi, baba."

Mama Pasi akafuta mikono, akavaa miwani yake, akaichukua ile simu. Alisoma taratibu, midomo ikicheza. "Na kuendelea," alirudia. Kisha akawatazama wote wawili. "Basi mimi nimeendelea."

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini asubuhi yake, kabla hajaenda kazini, alivuta sanduku chini ya kitanda, akatoa cheti chake cha shule ya msingi kilichoanza kuwa cha njano, akakitia kwenye bahasha pamoja na kitambulisho.

Chuo cha ufundi kilikuwa majengo manne yenye mapaa ya bati na karakana iliyonukia mbao na grisi. Karani wa usajili alikuwa kijana mwenye tai, mpole, ila mwenye haraka.

"Shikamoo mama. Umemletea nani fomu?"

"Marahaba baba. Nimejiletea mimi."

Karani akaweka kalamu chini. "Mama, nafasi hizi mwisho ni miaka thelathini na mitano."

"Imeandikwa wapi?"

Aliuliza bila ukali, kama mtu anayeuliza njia. Karani akafungua faili kumwonyesha. Akasoma ukurasa wa kwanza kwa kidole, akageuza wa pili. Kidole kikasimama. Kumbe makundi yalikuwa mawili. Kundi la kwanza lilikuwa la vijana wasio na kazi, nao ndio waliowekewa ukomo wa umri. La pili lilikuwa la watu walio kazini tayari, wanaofanya jambo linalohusiana na fani lakini hawana cheti, na ambao hawajawahi kusomeshwa ufundi kwa pesa ya serikali. Hilo halikuwa na ukomo wowote.

"Samahani mama," karani akasema, masikio yamemwiva. Akainama chini ya meza, akaibuka na furushi la fomu ambalo kamba yake ilikuwa haijakatwa. "Hakuna mtu aliyewahi kuja kuziomba hizi."

Akakata kamba kwa mkasi. Ya juu kabisa ilikuwa na namba moja.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Dobi."

"Na unataka kusoma nini?"

"Umeme."

Karani akajikuna kichwa. "Dobi na umeme, wapi na wapi?"

Mama Pasi akamweleza habari za pasi. Karani alisikiliza, akatabasamu, akasema yeye anamwamini lakini fomu haimwamini mtu. Ilitaka barua ya mwajiri.

Mwajiri wake, mzee mnene aliyependa kukaa mlangoni na redio, aliichukua kazi ya kuandika barua kwa uzito wote. Alinunua karatasi mpya. Alimaliza mchana mzima. Barua yenyewe ilisema hivi: *Nathibitisha kwamba mama huyu ametengeneza pasi zangu zote, feni yangu, na redio hii ninayoisikiliza sasa hivi. Kwa miaka yote hiyo sijamlipa chochote kwa kazi hiyo ya pili, na sasa nikiandika naona aibu. Tafadhali mpokeeni.*

Kesho yake akamletea ovaroli ya buluu na viatu vya kazi. "Usinishukuru," akasema, akakimbilia redio yake.

Ikabaki usaili. Mwalimu wa umeme alikuwa dada mrefu, mdogo kuliko mtoto wa kwanza wa Mama Pasi. Mezani palikuwa na taa ya kusomea, imechomekwa kwenye soketi, haiwaki.

"Tafuta tatizo, mama. Una dakika kumi."

Mama Pasi akainama, akachomoa plagi. Akainuka kutafuta bisibisi.

"Basi," mwalimu akasema. "Umefaulu."

"Mwalimu, sijagusa kitu."

"Ndiyo. Tangu asubuhi nimesaili watu kumi na saba. Wote wamefungua taa ikiwa bado kwenye umeme." Akaandika jina lake kwenye orodha. Kisha akauliza, "Lakini tatizo ungelipata?"

Mama Pasi akaiangalia taa. "Fyuzi. Plagi niliyochomoa ni nyepesi mno, umetoa fyuzi yake."

Mwalimu akacheka, akatoa fyuzi mfukoni.

Akasoma miezi sita, asubuhi chuoni na mchana kwenye pasi. Awamu ya kwanza ya ada alilipa kutoka kwenye akiba yake, ya pili aliichangisha familia, na mumewe akatangaza kuwa sasa naye anasomesha. Vijana wa darasani walimwogopa wiki moja. Walipogundua kwamba anajua kucheka, wakamwita Shangazi, na Shangazi ndiye aliyekuwa akiwapigia kelele wasiache waya wazi.

Kupinda mabomba ya kupitishia waya alijua siku ya kwanza. Hesabu ndizo zilimtoa jasho. Ile ya kugawanya volti kwa ukinzani ilimkatalia kabisa, mpaka binti yake akaona njia. Alichora pasi kwenye daftari.

"Mama, pasi hii ikichoka, joto linapungua kwa nini?"

"Waya umelegea, umeme unapita kwa shida."

"Hiyo shida ndiyo ukinzani."

Mama Pasi akalivuta daftari karibu. "Mbona mwalimu hakusema hivyo?" akauliza. "Angesema shida, ningeelewa juzi." Tangu siku hiyo, kila alipoona neno ukinzani kwenye daftari, aliandika pembeni kwa penseli: shida.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo. Kila mmoja alipewa ukuta wa mbao na muda wa saa nne kufunga taa moja yenye swichi mbili, kama ile ya ngazi, unayowashia chini na kuzimia juu. Mtahini alikuwa mgeni, mzee asiyetabasamu, na ubao wa kuandikia kifuani. Mama Pasi alifunga polepole, akakagua kila skrubu mara mbili, akamaliza wa mwisho. Mtahini akabonyeza swichi ya chini. Taa ikawaka. Akabonyeza ya juu. Ikazima. Akarudia, chini, juu, chini, juu, na kila ilipowaka Mama Pasi alishindwa kujizuia, kicheko kikamtoka kwa sauti, na vijana wote wakageuka na kuanza kupiga makofi.

"Mama, huu ni mtihani," mtahini akasema.

"Samahani mwalimu. Inawaka."

Mzee akainamia ubao wake haraka, lakini waliokuwa karibu wanaapa kwamba naye alicheka.

Siku hizi yuko kwa dobi asubuhi mbili tu kwa wiki, na kazi yake pale ni kutengeneza pasi, si kunyoosha mashati. Siku nyingine anafunga umeme kwenye nyumba za watu. Mumewe, siku ambazo lori liko gereji, humshikia ngazi na kumpa vifaa, na anajisifu kwamba hajawahi kuchanganya koleo na bisibisi zaidi ya mara tatu.

Juzi walikuwa kwenye nyumba mpya isiyo na milango bado. Mwenye nyumba, mama mmoja muuza vitambaa, alikuja kukagua. Akamkuta mwanamume chini ya ngazi, anafuta jasho.

"Habari za kazi, fundi. Vyumba vimekamilika?"

"Mimi nashika ngazi tu, mama," akajibu, akaonyesha kidole juu. "Fundi yule pale."

Kutoka darini sauti ikashuka, mdomo umebana skrubu mbili: "Karibu mama! Sebule tayari. Ila ukipita, tafadhali usikanyage waya wangu."