Gia ya Pili Kwenye Mteremko wa Tambach

Siku yangu ya kwanza gereji nilivaa suruali ya kaki niliyoazima kwa binamu yangu, na kabla ya saa nne asubuhi ilikuwa nyeusi kwa oili. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka Maragoli kutafuta kazi Eldoret, mji ambao wakati huo tuliuita Sisibo, kutoka "sixty-four" ya Kiingereza, kwa sababu ulijengwa kwenye shamba namba sitini na nne. Fundi Mkuu, Kalasinga mwenye kilemba na ndevu nyeupe, alinipa bisibisi ndefu, akanionyesha jinsi ya kuweka ncha yake juu ya injini na mpini wake kwenye sikio.

"Gari iko sema," aliniambia. "Wewe iko sikia tu."

Gereji yetu iliuza magari yaliyokwisha kutumika. Wazungu wenye mashamba ya ngano waliyaleta, sisi tukayakagua na kuyatengeneza, halafu Bwana Meneja akayapanga uwanjani. Miaka ile ya baada ya Vita Kuu ya Pili Waafrika walionunua gari walikuwa wachache, ila walikuwapo: mwenye duka, mwenye kinu cha kusaga mahindi, mwalimu aliyeuza ng'ombe.

Vijana huniuliza gari zuri la bei nafuu lilipatikana wapi. Si mstari wa mbele uwanjani, ambako rangi ilikuwa bado inanuka. Mimi nilikuwa nauliza kwanza mwenye gari anauza kwa nini. Mlowezi aliyefunga mizigo arudi kwao aliuza gari zima, kwa sababu hakuweza kulibeba. Lakini yule anayebaki shambani, halafu anauza gari lake wiki mbili kabla ya mvua kubwa, huyo alikuwa anakimbia ugonjwa anaoujua. Makaburu wazee ndio walikuwa na magari bora. Kazi za wiki walifanya kwa maksai, na gari likatoka Jumapili tu, kwenda kanisani.

Nilikuwa na miaka minne kazini ilipoletwa pikapu moja ya kijani. Gia boksi yake, yaani lile sanduku la meno ya chuma linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, ilikuwa imelika. Ililia kama mbwa aliyefungiwa. Fundi Mkuu siku hiyo alikuwa ameenda shamba moja kutengeneza trekta. Meneja akaniita, akanipa mfuko wa vumbi la mbao.

"Wewe tia hii ndani ya gia boksi, changanya na oili nzito," akasema. "Halafu funga, nyamaza."

Nilijua ile hila. Vumbi la mbao hujaa katikati ya meno na kunyamazisha kelele kwa siku chache. Meno yanabaki yamelika vilevile. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga katika chumba cha kupanga. Nikatia, nikafunga, nikanyamaza.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, nilifika nikakuta pikapu haipo. Nikamuuliza karani nani ameichukua.

"Mwalimu Kibet wa kule Kapseret," akasema. "Yule aliyekuwa dereva wa jeshi. Amenunua na ndugu zake, wawe wanabeba maziwa. Leo anapeleka mama yake na kina mama wa kanisa Tambach, kwa harusi."

Barabara ya Tambach inashuka ukingo wa bonde la Kerio kwa kona juu ya kona, na upande mmoja hakuna kitu ila hewa. Pale dereva anashuka na gia ya pili ili injini ishike gari, breki zisiungue. Gia iliyolika huruka nje yenyewe kwenye mteremko, na gari likibaki bila gia, likiwa na watu nyuma, breki za wakati ule hazikuweza kulizuia.

Nilimkuta Fundi Mkuu akinywa chai. Nikamwambia yote, na sikujificha nyuma ya Meneja.

"Mimi ndiye nilitia kwa mkono wangu."

Hakunigombeza. Aliweka kikombe chini. "Washa lori ya kuvuta," akasema.

Tukafuata barabara ya Iten. Njia nzima nilikuwa naomba Mungu kwa Kimaragoli, kwa sauti, bila aibu. Kila kona niliogopa kuona vitambaa vya kichwa vimetawanyika nyasini. Tulipofika Iten, pale mteremko unapoanzia, niliiona ile pikapu ya kijani imeegeshwa kando ya duka, na kina mama sita wameketi kwenye nyasi wakila viazi.

Nilishuka kwenye lori. Nikakaa chini barabarani.

"Fundi, kuna nini?" Mwalimu akaniuliza.

"Mwalimu, usishuke na hiyo gari. Gia ya pili itaruka."

"Imeruka tayari, hapo nyuma, kilima kidogo tu," akasema. "Mama akakataa kabisa kushuka nayo bondeni."

Mama yake, mwanamke mfupi mwenye masikio yaliyotobolewa, akanitazama. "Mimi nilimwambia hii kitu inanuka mbao," akasema. "Gari gani inanuka mbao?"

Nikawaeleza habari ya vumbi la mbao, nikamwomba msamaha mbele ya wote. Mwalimu akanishika mkono, akaniinua. Tuliivuta pikapu hadi mjini, kina mama wakiimba, wamepanda nyuma ya lori letu. Harusi waliikosa.

Meneja alikuwa mlangoni. Alisema nifungashe vitu vyangu. Fundi Mkuu akaingia ofisini na sanduku lake la spana, akaliweka juu ya meza.

"Huyu akienda, mimi naenda," akasema. "Mavuno iko karibu. Wewe tatengeneza trekta yote."

Meneja akawa mwekundu hadi shingoni, halafu akaketi. Siku hiyo hiyo Mwalimu alipewa gari lingine badala ya ile pikapu, la Kaburu mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao kusini. Lilikuwa na sura mbaya, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Mimi mwenyewe nilikagua gia boksi yake, jino kwa jino, Mwalimu akiwa amechuchumaa kando yangu. Lilibeba maziwa ya Kapseret miaka mingi.

Baadaye nilihamia gereji ya Kitale, kisha nikarudi Eldoret nikiwa forman, yaani msimamizi wa mafundi, chini ya mameneja watatu tofauti. Kila mmoja nilimwambia siku ya kwanza kwamba vumbi la mbao sitii kwenye gari la mtu. Mmoja alicheka, wawili hawakuelewa.

Sasa nimestaafu, niko hapa Kimumu, pembeni mwa Eldoret, na mgongo unauma. Wenzangu wa umri wangu wakikaa huhesabu mashamba waliyonunua. Mimi sina shamba la kuhesabu. Lakini wale kina mama sita nilienda kuwazika mmoja mmoja, na wote walikufa kwa uzee, vitandani mwao. Kila nilipotoka kwenye mazishi nilirudi nyumbani nikala vizuri, nikalala.