Jogoo Mgeni Bandani

Nilipomaliza darasa la nane nilipata kazi Bombolulu, kwenye karakana ya kutunga mikufu ya shanga. Tulikuwa wanawake sita mezani, na mimi ndiye niliyekuwa mdogo na mwenye maneno machache kuliko wote. Wakati wa kufunga mizigo, kila mkufu tuliuzungushia karatasi iliyochanwa kutoka vitabu vikuukuu. Ndivyo tulivyokipata kitabu cha ufugaji wa kuku. Kilikuwa kimeshapoteza jalada na kurasa za mwanzo tulipoamua kukiokoa.

Kila adhuhuri, baada ya kula, mmoja wetu alifumba macho, akakifungua popote na kuweka kidole. Sentensi iliyoguswa ilikuwa yake siku hiyo. Mwenzetu mja mzito aliangukiwa na "Kuku anayeatamia asisumbuliwe," akamwonyesha msimamizi, na tangu hapo hakubebeshwa gunia. Mwingine, ambaye mumewe alikuwa mtu wa kuchelewa, alipata "Banda lifungwe jua linapotua," akaenda akalifunga kweli. Mume akalala kwa jirani.

Msomaji nilikuwa mimi, ingawa nilisoma neno kwa neno. "Mtoto huyu yuwasoma kama achaguaye mchele," alisema bibi mmoja wa Kisauni, mkubwa wetu pale mezani. "Lakini mwacheni. Msomaji wa haraka hutunyima raha." Maana kila neno nililotoa lilichekewa na kujadiliwa kabla sijafika la pili.

Kando yangu alikaa dada wa miaka thelathini na kitu, aliyetembea kwa magongo tangu utotoni. Ndiye aliyenifundisha fundo lisilofunguka, na ndiye pekee niliyezungumza naye bila kutazama chini. Mwashi mmoja wa Kiembeni, aliyefiwa na mkewe, alikuwa amemposa. Alitaka wafungue duka pamoja, kwa hiyo dada akikubali angetuacha.

"Nimechoka kuwaza," alituambia siku moja. "Leo kitabu kitanijibu."

Akafumba macho. Kidole kikatua mstari wa chini kabisa wa ukurasa.

"Jogoo," nikasoma.

"Ndiye huyo," wakasema wote kwa pamoja.

"Mgeni."

"Wa Kiembeni huyo."

"Asi... asiingizwe... bandani."

Kicheko kikakatika. "Basi, mwanangu," bibi akamwambia dada. "Mambo yamekwisha hayo." Dada aliinamia shanga zake lakini hakuzigusa. Wengine wakaanza kumpa pole na kumsema mwashi kwa makosa ambayo hakuwa ameyafanya.

Ukurasa ulikuwa umeisha, ila sentensi haikuwa na nukta. Niliyeona hilo ni mimi peke yangu. Nikifunga kitabu, dada angebaki kando yangu, na hakuna ambaye angejua. Nilikishika muda mrefu kuliko nilivyohitaji.

"Haijaisha," nikasema. Hakuna aliyesikia. Nikasimama, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikasema kwa sauti iliyonishtua mwenyewe, "Haijaisha, nyamazeni."

"Kumbe ana koo," bibi akasema. "Haya, soma."

Nikageuza ukurasa. "Kabla... ya kutengwa... siku... kumi na nne."

Walicheka mpaka msimamizi akachungulia dirishani. Dada alifuta macho kwa ncha ya leso. "Siku kumi na nne," akasema. "Hizo nitamwambia."

Alimwambia, na sababu akampa. Siku ya kumi na tano mwashi alisimama mlangoni mwa karakana, shati limepigwa pasi, saruji bado kwenye kucha.

"Hodi," akasema. "Nimeshatengwa. Sikohoi, na chakula nala vizuri."

"Geuka tukuone mkia," bibi akamjibu.

Akageuka, mtu mzima yule, mikono ameiinua kidogo kama mabawa. Dada akamwambia mbele yetu sote kwamba amekubali.

Mwashi alipokwenda zake, dada aliniinamia. "Uliposoma 'asiingizwe,'" akaninong'oneza, "roho ilinishuka mpaka miguuni. Hapo ndipo nilipojua namtaka."

"Nilitaka kukifunga pale pale," nikakiri. "Ili usiende."

Akanitazama, kisha akacheka polepole. "Ungekifunga ningekukasirikia maisha," akasema, "na wala nisingejua kwa nini." Akanisogezea bakuli la shanga, tukaendelea kutunga, mabega yetu yakigusana.